Mkopo wa SACCOS na Bajaji ya Umeme: Tuanze na Hesabu ya Betri

Ndugu wasomaji wa Kidodi, ninyi ni majirani wa umeme. Hapo Kidatu maji ya Mto Ruaha Mkuu yalianza kuzungusha mashine za umeme mwaka 1975. Mwaka 1980 ziliongezwa mashine nyingine mbili. Sasa ziko nne, na uwezo wake ni megawati 204. Lakini kwa miaka mingi umeme huo ulikwenda mbali, Morogoro na Dar es Salaam, na sisi vijijini tukabaki na kibatari. Siku hizi Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, umefikisha nyaya katika vijiji vingi. Umeme sasa si wa taa peke yake. Unasaga, unachomelea vyuma, na unaweza kuendesha bajaji.

Bajaji ya umeme ni nini? Kwa macho ni bajaji ile ile: magurudumu matatu, dereva mbele, abiria nyuma. Ila haina injini. Ina mota, na mota hupata nguvu kutoka kwenye betri. Haina tangi la petroli, haina plagi, haina oili ya injini, na haipigi kelele. Usiku unaichomeka kwenye umeme kama simu, asubuhi unakwenda kazini. Ipo pia guta ya umeme, ya kubebea mizigo: ndizi, mpunga, mbolea, saruji. Kuhusu gari la umeme la magurudumu manne, tuseme ukweli tu: bei yake bado ni ya watu wachache sana. Kwa mtu wa Kidodi anayetaka chombo cha kazi, bajaji au guta ndiyo mahali pa kuanzia.

Hela itatoka wapi? Wengi wanajibu haraka: SACCOS. Jibu hilo ni zuri. Lakini kuna jambo moja ambalo vijana wengi hawalihesabu kabla ya kujaza fomu, nalo ni umri wa betri. Habari hii ni ya jambo hilo.

FEDHA ZA SACCOS NI ZA NANI?

SACCOS ni chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Wanachama wanaweka akiba, kisha wanakopeshana. Mpango huu ni wa zamani. Mwaka 1864 huko Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliwaunganisha wakulima wa vijijini ili wakopeshane wenyewe wasinyonywe na wakopeshaji wa riba kubwa. Hapa kwetu ushirika umepita mabonde na milima. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuvirudisha. Wazee wa miwa na pamba wanakumbuka vizuri.

Hivyo fedha utakazopewa si za serikali, wala si za mfadhili. Ni za mama anayeuza vitumbua aliyeweka shilingi 2,000 kila wiki. Ni za mkulima wa miwa aliyeacha sehemu ya malipo yake ya mavuno. Usiporudisha, ni wao waliopoteza.

Kabla ya kujiunga, ingia ofisini utazame ukutani. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, SACCOS lazima iwe na leseni, nayo hutolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Usiogope kuiomba uione. Ninyi mmejifunza kusoma. Someni jina la chama na tarehe. Kikundi cha VICOBA ni kitu kingine. Nacho kina faida yake, lakini ni mara chache kikundi kidogo kuwa na fedha za kutosha bajaji nzima.

Ukijiunga utalipa kiingilio, utanunua hisa, na utaanza kuweka akiba. Hutapewa mkopo siku hiyo hiyo. SACCOS nyingi zinataka uweke akiba kwa miezi kadhaa, na nyingi zinakopesha hadi mara tatu ya akiba yako. Ukitaka shilingi 6,000,000, uwe na akiba ya shilingi 2,000,000. Mwenye uwezo wa kuweka shilingi 100,000 kwa mwezi atangoja miezi 20. Ni muda mrefu, ndiyo. Lakini miezi hiyo 20 inaonyesha kama kweli unaweza kutoa fedha kila mwezi bila kukosa. Kamati ya mikopo inatazama kitabu chako kuliko maneno yako.

RIBA: ULIZA SWALI HILI

Riba ya asilimia 1 na nusu kwa mwezi inaonekana ndogo. Uliza hivi: "Je, riba inahesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, au juu ya deni lililobaki?" Hebu tuone tofauti yake. Hesabu zote katika habari hii ni za mfano, nawe utaweka bei utakazozikuta mwenyewe.

Tuchukue mkopo wa shilingi 6,000,000 kwa miezi 18. Kila mwezi unarudisha shilingi 333,333 za mkopo wenyewe. Riba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 90,000.

Ikiwa riba ni ya mkopo wote, utalipa hizo 90,000 kila mwezi hata ukiwa umebakiza deni dogo. Mara 18, ni shilingi 1,620,000.

Ikiwa riba ni ya deni lililobaki, mwezi wa kwanza ni 90,000, mwezi wa pili ni 85,000, mwezi wa tatu ni 80,000, inashuka hivyo hivyo hadi 5,000 mwezi wa mwisho. Ukijumlisha zote unapata shilingi 855,000.

Mkopo ni mmoja, asilimia ni ile ile, tofauti ni shilingi 765,000. Swali moja tu hilo.

BETRI INAISHI MUDA GANI?

Sasa tufike kwenye kiini. Bajaji nyingi za umeme za bei nafuu zina betri za asidi, ndugu wa zile za magari. Tuseme bajaji ina betri 5. Kila betri ni ya volti 12, na imeandikwa ampea 100 kwa saa. Zidisha 12 kwa 100, unapata 1,200. Zidisha kwa betri 5, unapata 6,000. Gawanya kwa 1,000, unapata 6. Basi betri hizo zikijaa zina uniti 6, hizo hizo uniti unazonunua kwenye LUKU.

Usizimalize zote. Betri ya asidi inayokaushwa kila siku inakufa mapema. Tumia uniti 5, bakiza moja. Kwa uniti 5, kwenye njia ya lami iliyo tambarare, bajaji inaweza kwenda kilometa kama 65. Kwenye kilima mambo ni mengine. Mwenye kutaka kupeleka mizigo kuelekea milima ya Vidunda asitegemee kilometa hizo, maana mlima unakula betri kama mlima unavyokula pumzi ya mtu mwenye gunia begani.

Betri ya asidi inayotumiwa namna hiyo huweza kujazwa mara 300 hadi 500 hivi kabla ya kuchoka. Tuchukue mara 390. Kama unafanya kazi siku 26 kwa mwezi, na kila usiku unachaji, gawanya 390 kwa 26. Unapata miezi 15.

Umeona tatizo? Mkopo ni miezi 18. Betri ni miezi 15.

Mwezi wa 15 ukiisha, umekwisha kurudisha shilingi 5,000,000. Bado unadaiwa 1,000,000 na riba yake. Na bajaji imesimama uani, kuku wanalala juu yake. Ili iende tena unahitaji betri mpya 5. Tukifanya betri moja ni shilingi 250,000, zote ni 1,250,000. Huwezi kukopa tena, kwa sababu deni la kwanza halijaisha. Chombo hakileti hela, na tarehe ya rejesho haingoji. Hapo ndipo mtu anaanza kuuza mahindi ya chakula, au anakimbilia mjini na kuwaachia wadhamini wake mzigo.

Ipo betri ya namna nyingine inayoitwa lithiamu. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini zile nzuri huweza kujazwa mara 2,000 au zaidi. Gawanya 2,000 kwa 26 na utaona ni zaidi ya miaka sita. Kwa maoni yangu, mwenye nafasi aongeze fedha achukue ya lithiamu yenye dhamana ya maandishi, hata kama itambidi kungoja na kuweka akiba miezi mingine. Muuzaji akisema "hii haifi kamwe, bwana", mwambie aandike maneno hayo kwenye karatasi na kupiga muhuri. Utaona atakavyokohoa.

Mwenye kuchukua ya asidi naye si lazima aache. Ila awe na akiba ya betri tangu siku ya kwanza. Gawanya 1,250,000 kwa siku 390 za kazi: ni shilingi kama 3,200 kila siku. Hizo si za chai wala si za vocha. Ziwekwe SACCOS kwenye akiba yake ya pekee, kila Jumamosi, kabla hazijapata miguu.

JE, INAPUNGUZA GHARAMA KWELI?

Inapunguza, lakini si kama wanavyotangaza. Bajaji ya petroli ikienda kilometa 25 kwa lita, kilometa 65 ni karibu lita 2 na nusu. Lita tukiifanya shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 7,500 kwa siku.

Kuhusu umeme, ili kurudisha uniti 5 ndani ya betri unatumia kama uniti 6 za LUKU, maana nyingine zinapotea kwa joto. Katika bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alipangiwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti ya ziada shilingi 350. Mteja wa kawaida mwenye matumizi makubwa zaidi, wa kundi la T1, alipangiwa shilingi 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Uulize TANESCO bei ya siku unayonunua.

Sasa tazama mtego wake. Uniti 6 kwa siku 26 ni uniti 156. Nyumba yako iliyokuwa inatumia uniti 40 kwa mwezi itafika 196. Umekwisha toka kwenye kundi la shilingi 100, na taa ya sebuleni nayo inapanda bei kwa ajili ya bajaji. Kwa hiyo uliza TANESCO kama unaweza kufungiwa mita ya pili, ya chaji peke yake.

Kwa bei ya T1 pamoja na kodi, uniti 6 ni shilingi kama 2,140 kwa siku. Toa kwenye 7,500 za petroli, unabaki na 5,360. Toa 3,200 za betri, unabaki na 2,160. Hiyo ndiyo faida yako juu ya mwenye petroli, pamoja na kuepuka oili na matengenezo ya injini. Ni faida ya kweli. Lakini asiyehesabu betri anadhani amepata 5,360, anaitumia, na mwezi wa 15 unamkuta mikono mitupu.

MDHAMINI ANAWEKA NINI?

Mdhamini akitia sahihi, akiba yake inafungwa. Mkopaji akishindwa, SACCOS inakata kwa mdhamini. Basi mdhamini ana haki ya kuuliza. Tuwasikilize mpwa na mjomba wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Karibu kiti. Habari za nyumbani?"

"Njema, mjomba. Nimekuja na fomu ya SACCOS. Nataka milioni 6 za bajaji ya umeme. Nina milioni 2 zangu, na bei ni milioni 8. Naomba unidhamini."

"Umehesabu utarudisha nini kwa siku?"

"Mwezi wa kwanza ni shilingi 423,333. Kwa siku 26 ni kama 16,300."

"Na umeme?"

"2,140, mjomba."

"Na betri?"

Mpwa akanyamaza kidogo. "Betri ni mpya, mjomba."

"Mimi pia nilikuwa mpya. Ongeza 3,200. Jumla inakuwa ngapi?"

"21,640."

"Hapo hujala, hujanunua tairi, hujakata bima. Je, kila siku ya Mungu, hata masika, utapata hela hiyo hapa kwetu?"

Swali la mjomba lina uzito. Ninyi mnajua mwaka wa Kidodi unavyokwenda. Kiwanda cha sukari kikiwa kinasaga miwa, watu wana hela. Wakata miwa wanapanda bajaji, maduka yanajaa, mizigo inatembea kati ya Kidodi, Ruaha na Mikumi. Masika ikifika kiwanda kinasimama kwa matengenezo, njia za ndani zinakuwa tope, na dereva anashinda kijiweni akicheza bao. Rejesho la mwezi wa nne ni sawa na la mwezi wa tisa, lakini mfuko si sawa.

Jambo hili liseme mbele ya kamati ya mikopo kabla ya kutia sahihi. Omba marejesho yawe makubwa wakati wa msimu na madogo wakati wa masika. Siyo kila SACCOS itakubali, lakini zile zenye wakulima wengi zinaijua habari ya msimu. Wakikubali, iandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo ya mwenyekiti haitamfunga mwenyekiti atakayechaguliwa baada yake.

KABLA YA KULIPA

Usinunue bajaji kwa picha ya kwenye simu. Nenda ukaione, uipande na abiria watatu, uipandishe kilima. Uliza fundi wake yuko wapi. Kama yuko Dar es Salaam peke yake, kila ugonjwa mdogo utakuwa safari. Soma maandishi ya kwenye betri: volti ngapi, ampea ngapi, ya asidi au lithiamu. Soma dhamana: ni miezi mingapi, na je, inahusu betri au chombo tu? Wauzaji wengine hutoa dhamana ya mota, kitu ambacho ni nadra kufa, na betri wanaiacha nje.

Hakikisha chombo kitasajiliwa na kupata namba na kadi. Mara nyingi SACCOS itashika kadi mpaka umalize deni. Hilo ni la kawaida, ila upewe karatasi inayosema imeshikwa na nani. Bima ni lazima. Kibali cha kubeba abiria ni cha LATRA, na dereva awe na leseni ya daraja la chombo hicho.

Nyumbani, mwite fundi umeme atazame waya kabla ya kuchaji. Chaja inavuta umeme saa nyingi usiku mzima, na waya mwembamba wa taa utapata moto. Betri za asidi zikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, kwa hiyo usichaji chumbani mnamolala, na usiweke karibu na jiko au kibatari. Kibanda chenye bati na upepo kinatosha. Na usivuke maji ya kina kirefu wakati wa mafuriko. Maji yakiingia kwenye vifaa vya umeme, gharama yake ni kubwa.

Turudi kwa mjomba. Hakukataa, na hakutia sahihi siku ile. Alimrudishia mpwa wake fomu na kalamu.

"Bajaji uliyo nayo ya mkataba, ya yule tajiri, unaendelea nayo?"

"Naendelea nayo, mjomba."

"Basi endelea nayo msimu huu mmoja. Weka SACCOS mpaka ufike milioni 4, kisha ukope milioni 4 tu, kwa miezi 12. Hebu piga hesabu."

Kijana akaandika nyuma ya fomu. Milioni 4 kwa miezi 12 ni 333,333 kwa mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza ni 60,000. Jumla ni 393,333. Kwa siku 26, ni kama 15,100. Riba yote, kwa deni linalopungua, ni shilingi 390,000 badala ya 855,000. Na deni linakwisha miezi 3 kabla ya betri kuchoka.

"Lakini mjomba, akiba ikiwa milioni 4 nikiitoa kununulia, mkopo nitaukopa kwa akiba ipi?"

Mjomba akacheka. "Umeanza kuwa mkopaji sasa. Kawaulize hilo. Kwenye SACCOS nyingi akiba inayolinda mkopo haitolewi. Kwa hiyo ile inayolinda mkopo iache pale pale, na ile ya kuongezea bei ya bajaji uiweke kwenye hesabu nyingine unayoweza kuitoa. Itakuchukua muda zaidi. Ukiwa tayari, njoo na kitabu chako, mimi nitakuja na kalamu yangu."